Ununuzi wa Boti Ndogo ya Kuvulia na Mashine Iliyokwisha Tumika: Maelezo kwa Wanunuzi wa Visiwani

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaoazimia kununua boti ndogo za kuvulia pamoja na mashine za kupachika zilizokwisha tumika Mkoani Tanga wanakumbushwa kwamba biashara hiyo ina pande tatu zinazopaswa kutazamwa kwa pamoja: uzima wa chombo, uzima wa mashine na uhalali wa mali. Mnunuzi aliyeridhika na upande mmoja akaacha nyingine huenda akarudi nyumbani na boti nzuri aliyouziwa na asiyekuwa mwenyewe, au na hati safi za boti iliyooza. Maelezo haya yanawahusu watumishi wa umma, wastaafu, vikundi vya wavuvi na wakaazi wengineo ambao akiba yao ya miaka mingi hutiwa katika ununuzi wa mara moja.

HANDENI NA KOROGWE: MUUZAJI YUKO BARA, BOTI IKO PWANI

Wilaya za Handeni na Korogwe zimo katika Mkoa wa Tanga, lakini hazina pwani. Mto Pangani hupita Korogwe ukielekea baharini, ila haufai kuwa njia ya kuteremshia boti, kwa kuwa kati ya Korogwe na bahari yapo maporomoko na mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani. Hata hivyo, mfanyabiashara wa mazao, mwenye duka au mstaafu wa Wilaya hizo anaweza kumiliki chombo kinachovua Pangani, Kipumbwi, Kigombe au Tanga mjini, akakiacha mikononi mwa nahodha na kupokea fungu lake la mapato. Anapotaka kukiuza, mazungumzo huanzia nyumbani kwake. Mashine nayo huweza kuwa imehifadhiwa huko huko kwa kuogopea wizi, hali boti yenyewe imebaki pwani.

Hapo ndipo tatizo la kwanza linapozaliwa. Mnunuzi huoneshwa mashine Handeni, karatasi Korogwe na boti Pangani, kila kimoja kwa siku yake na pengine kwa mtu wake. Akisharidhika na vitu vitatu vilivyo mbalimbali, hudhani ameridhika na kitu kimoja. Siku ya makabidhiano ndipo hugundua kwamba mashine haikai katika boti ile, au kwamba nahodha anadai naye ni mshirika.

Kwa hivyo, kanuni ya kwanza ni kutokulipa chochote kabla boti, mashine, hati na mwenye mali havijakutanishwa mahali pamoja, napo ni pale boti inapotia nanga. Ikiwa muuzaji anaona tabu kuichukua mashine kutoka Handeni hadi pwani, mnunuzi anaweza kuchangia gharama ya gari. Gharama hiyo ni ndogo kuliko hasara ya kukosa kuijaribu mashine majini. Mashine isafirishwe ikiwa imesimama au imelazwa kwa ubavu ulioelekezwa na mtengenezaji, na kichwa chake kisiwe chini kuliko miguu, kwani maji yaliyobaki ndani huweza kurudi katika silinda.

KUJUA KINACHOTAKIWA KABLA YA KUONA KINACHOUZWA

Boti ya mishipi ya miamba ya karibu, boti ya nyavu za usiku na boti ya kuchukulia samaki kutoka dago si chombo kimoja. Mnunuzi aandike kwanza mambo manne: atavua wapi, kwa zana gani, kwa wavuvi wangapi na katika misimu ipi. Chombo cha maji ya ndani ya mwamba hakiwi salama katika Mkondo wa Pemba wakati wa kusi ati kwa sababu tu kimefungwa mashine kubwa. Mashine kubwa kupita uwezo wa chombo hulemea tezi, hutikisa mbao mpaka kalafati ikatoka, na hula mafuta ambayo samaki wa siku hiyo hawawezi kuyalipa.

Akiba nayo igawanywe kabla ya safari. Kwa mfano, mtu mwenye Shilingi 10,000,000 asitafute chombo cha Shilingi 10,000,000. Akiba isiyopungua robo, yaani Shilingi 2,500,000, ibaki kwa matengenezo ya awali, leseni, nanga na kamba, majaketi ya kujiokolea na mafuta ya safari za mwanzo. Boti iliyotumika haiji bila ya matengenezo, na boti isiyo na fedha ya matengenezo hukaa ufukoni ikipigwa na jua.

UKAGUZI WA CHOMBO

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Katika biashara ya vyombo vilivyotumika inafaa kuongeza kuwa vinavyoelea huenda vimezibwa tu. Ukaguzi ufanywe wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana na chombo kikapwelewa, ili upande wa chini uonekane wote. Maji mafu hayafai kwa kazi hii. Mnunuzi afuatane na fundi wa vyombo aliyemchagua na kumlipa yeye mwenyewe; fundi aliyeletwa na muuzaji hukagua kwa macho ya muuzaji.

Kwa chombo cha mbao, fundi aanzie mkukuni, apande hadi mataruma, kisha mbao za ubavu na mwisho tezi. Ncha ya kisu ikizama kwa wepesi, ubao umeoza. Nyundo ndogo ikigongwa juu ya ubao mzima hutoa sauti kavu, na juu ya ubao uliooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Vitundu vidogo chini ya mstari wa maji ni dalili ya wadudu wa baharini watoboao mbao. Kitundu cha nje huwa kidogo hali ndani ubao umekwisha liwa. Misumari ya chuma iliyovuja kutu ichunguzwe mmoja mmoja, kwani ubao mzima ulioshikwa na msumari uliokwisha ni sawa na ubao usioshikwa. Rangi mpya mahali pamoja tu, kalafati mpya mahali pamoja tu, au bamba la bati lililopigiliwa ndani ya ngama ni mambo ya kuulizwa.

Kwa boti ya faiba, mambo ya kutazamwa ni nyufa, malengelenge chini ya rangi, sakafu inayobonyea na viraka vilivyofanywa kwa haraka. Sehemu ya kuangaliwa kuliko zote ni ubavu wa tezi unaobeba mashine. Boti nyingi za faiba zina mbao iliyofichwa ndani ya ubavu huo; maji yakipenya katika matundu ya bolti, mbao huoza huku faiba ikionekana nzuri kwa nje. Njia nyepesi ya kupima ni kuifunga mashine, kisha mtu akaiinua na kuishusha kwa mkono, hali mwingine akitazama kama tezi inacheza au inatoa ufa. Aidha, boti iliyokunywa maji ndani ya faiba huwa nzito kuliko inavyostahili, na watu wanaoisukuma kila siku wanajua. Inafaa kuwauliza.

Baada ya hapo chombo kiachwe kikielea usiku mmoja bila ya kukumbwa maji. Chombo cha mbao kilichokaa juani siku nyingi kitavuja mwanzoni mpaka mbao zifure. Hilo si kasoro. Kasoro ni chombo ambacho baada ya mbao kufura bado kinahitaji mtu wa kukumba asubuhi na jioni.

UKAGUZI WA MASHINE

Mashine ya kupachika iliyofanya kazi katika maji ya chumvi haipimwi kwa kuangalia kifuniko. Kifuniko hupakwa rangi kwa saa moja. Mambo yafuatayo yafanywe kwa mpangilio.

Kwanza, nambari ya mashine. Nambari hii huwa katika kibao kilichobandikwa kwenye mabano ya kufungia mashine. Isomwe, iandikwe na ilinganishwe na stakabadhi ya ununuzi wa mwanzo au hati nyingine ya mmiliki. Kibao kilichong'olewa au nambari zilizokwaruzwa zitoshe kuuvunja ununuzi, hata bei ikiwa nafuu vipi.

Pili, mashine ikutwe ya baridi. Muuzaji aliyekwisha iwasha kabla mnunuzi hajafika ameficha jambo moja kubwa, nalo ni tabu ya kuwaka asubuhi. Mnunuzi aweke kiganja juu ya mashine kabla ya kuanza. Ikiwa ya moto, asubiri ipoe.

Tatu, plagi zitolewe na mgandamizo wa kila silinda upimwe kwa kipimo chake. Jambo linalotafutwa hapa ni ulinganifu kati ya silinda na silinda. Tofauti inayozidi kiasi cha asilimia 10 ni dalili ya pistoni, ringi au gasketi iliyochoka.

Nne, oili ya giaboksi. Skurubu ya chini ifunguliwe kidogo. Oili nyeupe kama maziwa ina maana maji yamepenya, na oili yenye vumbi la chuma ina maana meno ya gia yanalika.

Tano, panga la mashine lizungushwe kwa mkono. Mhimili usiyumbe, na panga lisiwe limelika upande mmoja.

Sita, urefu wa mguu ulingane na tezi. Mashine nyingi ndogo huwa za mguu mfupi, zinazofaa tezi ya kiasi cha sentimita 38, au za mguu mrefu, zinazofaa kiasi cha sentimita 51. Mguu mfupi juu ya tezi ndefu hufanya panga livute hewa badala ya maji; mguu mrefu juu ya tezi fupi hulifanya lipige chini na kuongeza uzito wa maji. Kosa hili hutokea hasa pale mashine iliponunuliwa Korogwe na boti ikanunuliwa kwingine.

Saba, vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mguu wa mashine vitazamwe. Kazi ya zinki ni kuliwa na chumvi badala ya mashine. Zinki iliyolika ni kawaida. Zinki iliyokwisha kabisa ina maana kuwa chumvi imekuwa ikila mashine yenyewe. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi, nayo ni dalili ya mwenye mashine asiyejua kuitunza.

Mwisho, muuzaji aulizwe anachanganya vipi petroli na oili. Mashine nyingi za mapigo mawili zinataka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, na baadhi ya zile za zamani huhitaji oili zaidi. Kitabu cha mashine ndicho kinachoamua. Oili iwe ile ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji, yenye alama ya TC-W3. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hili, au anayejibu kwamba hutia oili yoyote iliyopo dukani, ametoa habari ya kutosha kuhusu umri uliobaki wa mashine.

KUJARIBU BAHARINI

Mashine iliyonguruma ndani ya pipa la maji haijajaribiwa. Jaribio la haki ni la baharini, boti ikiwa na mzigo na watu wa kawaida, kwa muda usiopungua saa moja. Tangu dakika ya mwanzo mkondo wa maji ya kupozea utoke kwa nguvu na bila kukatika. Ukikatika, mashine izimwe mara moja. Mashine iendeshwe polepole, kisha kwa kasi yote, kisha polepole tena. Ibadilishwe gia mbele na nyuma. Izimwe ikiwa ya moto na iwashwe tena, kwani zipo mashine zinazowaka asubuhi na kukataa katikati ya bahari. Kamba ya kuzimia ya nahodha ijaribiwe pia. Iwapo haifanyi kazi, itengenezwe kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya safari, oili ya giaboksi itazamwe mara ya pili. Ngama nayo itazamwe kama imeingia maji zaidi kuliko wakati wa kuondoka.

UHALALI WA MALI

Uvuvi si jambo la Muungano. Tanzania Bara hutumia Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, na Zanzibar hutumia Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010. Kwa upande wa usalama wa vyombo, Bara lipo Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa Sheria Namba 14 ya mwaka 2017, na Zanzibar ipo Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA), iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2009. Mnunuzi anayevusha chombo anatoka chini ya sheria za upande mmoja na kuingia chini ya sheria za upande wa pili, na kila upande una karatasi zake.

Ifahamike kwamba usajili na leseni ni vitu viwili. Usajili hutambulisha chombo na mwenyewe. Leseni huruhusu chombo kuvua kwa muda maalumu na huhuishwa. Leseni ya mwaka uliopita yenye jina la muuzaji haithibitishi kwamba leo bado ni mali yake. Kwa hivyo mnunuzi afike kwa Afisa Uvuvi wa Halmashauri ambako chombo kinashukia samaki, yaani Pangani, Muheza, Tanga au Mkinga, aulize chombo kimeandikwa kwa jina la nani. Hata kama muuzaji anaishi Handeni au Korogwe na ana barua ya Mtendaji wa Kijiji au Mtaa wake, barua hiyo inamtambulisha yeye kuwa mkaazi. Haimtambulishi kuwa mwenye boti. Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) cha diko husika nacho kiulizwe, kwa kuwa wavuvi wa diko huijua historia ya chombo kuliko karatasi.

Yapo mazingira manne ambayo muuzaji anaweza kuwa mkweli na bado asiwe na haki ya kuuza peke yake.

La kwanza ni ushirika. Boti inaweza kuwa ya mtu mmoja, mashine ya mwingine na nyavu za watatu. Washirika wote watie saini.

La pili ni mirathi. Mtoto wa marehemu si msimamizi wa mirathi kwa kuwa mtoto tu. Mnunuzi aombe hati ya mahakama iliyomteua msimamizi, na msimamizi huyo ndiye auze kwa niaba ya warithi. Boti za marehemu huuzwa rahisi kwa sababu warithi wanataka kugawana haraka, na ndizo zinazorudi mahakamani pale mjane au mtoto aliyekuwa safarini anapodai fungu lake.

La tatu ni deni. Boti au mashine iliyowekwa rehani katika benki au chama cha akiba na mikopo haiuzwi bila ya idhini ya mkopeshaji.

La nne ni msaada au mkopo wa Serikali au wa mradi. Chombo kilichotolewa kwa kikundi ni mali ya kikundi kwa masharti yaliyoandikwa, na mwenyekiti hana ruhusa ya kukiuza kama chake. Mtumishi wa umma anayenunua chombo cha namna hii kwa bei ya chini hujiweka katika shaka kubwa kuliko raia mwingine.

Kuhusu mashine, wizi wake unajulikana pwani yote. Kabla ya kulipa, mnunuzi apeleke nambari ya mashine katika kituo cha Polisi cha eneo la mauziano na aulize kama kuna taarifa ya kuibiwa kwake. Kupokea mali ya wizi ni kosa, na mahakama itatazama kama mnunuzi alikuwa na sababu ya kushuku. Bei iliyo nusu ya bei ya kawaida, mauziano ya usiku na nambari iliyokwaruzwa ni sababu za kutosha.

HATI YA MAUZIANO NA MALIPO

Hati ya mauziano iandikwe kwa lugha inayofahamika kwa pande zote. Itaje majina kamili na nambari za vitambulisho vya muuzaji na mnunuzi. Urefu, aina na alama za usajili za boti. Jina, nguvu na nambari ya mashine. Vifaa vinavyoambatana nayo, kama tangi, mpira wa mafuta, nanga na kamba. Bei kwa tarakimu na kwa maneno. Kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Na tarehe ya makabidhiano. Itamke kwamba muuzaji ni mmiliki halali na kwamba chombo hakidaiwi. Isainiwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili na mbele ya kiongozi wa eneo au wakili.

Arubuni iwe ndogo, iandikiwe stakabadhi na itajwe masharti ya kurudishwa endapo jaribio la baharini litashindwa. Fedha iliyobaki ilipwe kwa njia ya benki ili ushahidi ubaki. Mnunuzi asisafiri na fedha taslimu nyingi kutoka bandarini hadi Segera na Korogwe. Ajali ya fedha njiani haina bima.

Nyavu zinazoongezwa kama zawadi zikaguliwe kabla ya kupokelewa. Juya la kukokota ufukoni na nyavu nyingine zilizopigwa marufuku hazigeuki halali kwa kuwa zimekuja pamoja na boti. Chombo chenye dalili za baruti kisikaribiwe kabisa.

MBAO ZA MATENGENEZO

Wanunuzi wengine huona nafuu kununua mbao za matengenezo Handeni au Korogwe wakati wamo safarini. Miti kama mvule, mkongo na mninga inafaa kwa vyombo, lakini uvunaji na usafirishaji wake Bara husimamiwa chini ya Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mbao zinunuliwe kwa muuzaji mwenye leseni, zipewe stakabadhi na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mbao zisizo na hati huweza kukamatwa katika kizuizi cha barabara pamoja na gari lililozibeba, na mashine iliyomo ndani ya gari hilo ikakwama nazo.

KUVUSHA CHOMBO

Mkondo wa Pemba, ulio kati ya Pemba na pwani ya Tanga, una upana wa takribani kilomita 50 na ni wenye kina kirefu sana. Boti ambayo mnunuzi ameijua kwa siku mbili haifai kujaribiwa humo kwa mara ya kwanza wakati wa kusi. Njia ya salama ni kungoja shwari baina ya misimu au kaskazi isiyo na nguvu, kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku iliyotangulia na asubuhi ya safari, kuondoka alfajiri, na kufuatana na chombo kingine. Anayeweza kulipia nauli ya kupakia boti na mashine katika chombo kikubwa cha mizigo atakuwa amenunua usalama kwa bei ndogo.

Mafuta yahesabiwe kwa mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu lililo sawa nalo la kurudi endapo hali itaharibika, na fungu la akiba. Kwa mfano, mashine inayotumia lita 6 kwa saa katika safari ya saa 4 inahitaji lita 24 za kwenda. Mafungu matatu ni lita 72, na kwa uwiano wa 1 kwa 50 oili yake ni lita 1.44. Anayepakia lita 24 kwa safari ya lita 24 anamwachia upepo wa mbele kuamua atafika au hatafika.

Kila aliyemo awe na jaketi la kujiokolea. Chombo kiwe na nanga na kamba ndefu, makasia au tanga dogo, tochi, plagi za akiba, chombo cha kukumbia maji, maji ya kunywa na simu iliyofungwa katika mfuko usioingia maji. Jamaa wa upande wa kuondokea na wa kufikia waarifiwe saa ya kuondoka na saa ya kutarajiwa. Hati zote zifungwe vizuri na zichukuliwe, nakala zikibaki nchi kavu. Chombo kipitishwe katika bandari inayotambulika, kama Wete, Mkoani au Mkokotoni, na kitolewe taarifa. Kukishusha kwa siri katika ufuko wa kijiji humfanya mwenye mali halali aonekane mkosaji.

BAADA YA KUFIKA

Leseni ya Bara haitoshi kuvulia katika maji ya Zanzibar. Mnunuzi aripoti kwa Sheha wake na kwa kamati ya wavuvi ya shehia, kisha afike afisi ya uvuvi ya Wilaya na afisi ya ZMA kwa ajili ya ukaguzi, usajili na leseni kwa jina lake. Wakati huo huo ahakikishe kwamba kule chombo kilikotoka jina la muuzaji limefutwa katika daftari, ili chombo kimoja kisiwe na wenyewe wawili. Maeneo ya hifadhi nayo yaeleweke: Pemba lipo eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba, na upande wa Tanga ipo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Kila eneo lina masharti yake, na nahodha mpya ayapate kabla ya kutupa nyavu.

Mashine isafishwe kwa maji matamu kila irudipo baharini. Kazi hiyo ya dakika kumi huongeza maisha ya mashine kuliko rangi yoyote.

WATUMISHI WA UMMA

Mtumishi wa umma hakatazwi kumiliki boti kwa fedha yake halali. Lakini viongozi wanaowajibika kutoa tamko la mali chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Zanzibar Namba 4 ya mwaka 2015 waitaje boti pamoja na mashine katika tamko lao. Afisa anayetoa leseni, anayekagua vyombo au anayefanya doria asishughulikie chombo chake mwenyewe wala cha jamaa yake. Aliarifu jambo hilo kwa maandishi na kumwachia mwenziwe kazi hiyo. Gari, mafuta na muda wa Serikali visitumike kwenda kutafuta boti.

Mstaafu anayetaka kutumia kiinua mgongo chake akumbuke kwamba atakayekuwa baharini kila siku ni nahodha na wavuvi wake. Akiokoa fedha kwa kununua mashine mbovu, wao ndio watakaoilipa tofauti hiyo, usiku, katikati ya mkondo. Kwa sababu hiyo nahodha atakayekiendesha chombo ashirikishwe tangu siku ya ukaguzi, na akisema kwamba hatokwenda nacho, neno lake lisipuuzwe.

Wenye kuhitaji ufafanuzi zaidi wafike katika afisi za uvuvi za Wilaya zao kabla ya kusafiri, wakiwa na maelezo ya chombo na nambari ya mashine wanayotarajia kununua.